Reli Nyepesi Dar es Salaam: Nani Atanunua Spea?

Hoja iliyo mezani ni hii: Dar es Salaam ianze sasa kujenga reli nyepesi ya umeme ndani ya jiji.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na yeyote anayetoka Mbagala, Bunju au Gongo la Mboto kwenda Kariakoo asubuhi anajua idadi hiyo ina uzito gani barabarani. Mabasi ya mwendokasi tunayo tangu Mei 2016. Treni ya jiji tunayo tangu Oktoba 2012, ile ambayo watu waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, wakaiita treni ya Mwakyembe. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, ikaanza kwenda Morogoro na Dodoma. Wanaoiunga mkono hoja wanasema kilichobaki ni reli ya umeme ya kumchukua mtu mtaani kwake na kumfikisha kazini.

Wasemaji wanne walio hapa chini nimewaunda mimi: mhandisi wa reli, mhasibu mstaafu wa serikali, dereva wa daladala, na mama anayeuza samaki Mbagala. Miji wanayoitaja, miaka na fedha ni vya kweli. Kila mmoja nimemtafutia hoja nzito kadiri nilivyoweza, kwa sababu jambo lenyewe litawagusa wajukuu zetu, na halifai kuzungumzwa kwa ushabiki.

MHANDISI: Naanza na Addis Ababa, kwa sababu wenzetu walitutangulia na mambo yao yako wazi. Ujenzi ulianza mwishoni mwa 2011, na tarehe 20 Septemba 2015 abiria wakapanda. Chini ya miaka minne, kilomita kama 34, vituo 39. Njia ya kwanza inatoka Uwanja wa Menelik II kwenda Kality upande wa kusini; ya pili inatoka Ayat mashariki hadi Tor Hailoch magharibi, na katikati ya mji njia zote mbili zinapita juu ya reli zilezile. Gharama ilikuwa dola milioni 475. Linganisheni na Lagos, ambako ujenzi ulianza kati ya 2009 na 2010, na abiria wa kawaida wakapanda Septemba 2023, kilomita 13 tu. Kwa hiyo kusema kazi hii haiwezekani Afrika Mashariki ni kukataa kilichokwisha kutendeka.

MHASIBU: Mwanangu, hakuna anayekataa kwamba ilijengwa. Mimi nauliza kilichofuata. Asilimia 85 ya fedha ilikopwa Exim Bank ya China. Mkandarasi alitoka China, treni 41 zilitoka China, na walioziendesha miaka ya mwanzo walikuja na mkataba kutoka China. Sina ugomvi na China. Mkopo wa namna hii huja na mkandarasi wake popote unapokopa. Lakini abiria wa Addis alianza kulipa birr 2 mpaka 6, kulingana na umbali. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa birr 20 na ushee, kwa hiyo nauli ya juu kabisa ilikuwa kama senti 30 za dola. Julai 2024 serikali ikaiacha sarafu ipangiwe bei na soko, na birr ikatoka 57 kwa dola ikapita 100 ndani ya wiki chache. Sasa fikirini: deni ni la dola, spea ni za dola, nauli ni ya birr. Hata gari likijaa mpaka mlangoni, unakusanya sarafu inayoshuka ili ulipe kwa sarafu inayopanda.

DEREVA: Hapo kwenye spea mzee umenigusa. Coaster yangu ikifa kikombe cha breki asubuhi, nikishuka Gerezani nakipata kabla ya saa sita, kipya au cha mtumba, na jioni nimeshapeleka hesabu kwa tajiri. Treni ikifa kitu, wanakwenda wapi?

MHASIBU: Kijana, wanaandika barua kiwandani, na kiwanda kiko nchi nyingine. Benki kuu ikikosa fedha za kigeni, barua inarudi bila kitu. Ndiyo yaliyowakuta wenzetu. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya treni zile 41 zilikuwa zimeegeshwa, na sababu kubwa iliyotajwa ni spea na fedha za kigeni za kuzinunulia. Wakaanza kunyofoa kifaa cha hii kuifufua ile.

Wanaotetea reli mara nyingi huliruka jambo hili haraka, kana kwamba ni kasoro ndogo ya utawala. Si ndogo. Nilipokuwa nikiisoma habari ya Addis, hesabu iliyonishtua kuliko zote ni ya muda ambao mtu anasimama kituoni akingoja. Nimempa mhandisi aifanye mwenyewe, kwa kuwa ni fani yake.

MHANDISI: Hesabu nitaifanya, ingawa hainipendezi. Chukueni njia moja ya Addis, kilomita 17 hivi. Treni ya mjini, ukijumlisha kusimama vituoni na kwenye makutano, inakwenda wastani wa kilomita 20 kwa saa. Kwenda ni dakika 51, kurudi 51, na ukiongeza muda wa kugeuza kila mwisho unapata saa mbili kamili. Ukiwa na treni 20 katika mzunguko huo, kila dakika 6 inapita moja. Ukiwa nazo 10, kila dakika 12. Zikibaki 4, abiria anasubiri nusu saa.

DEREVA: Na kila treni inabeba wangapi, dada?

MHANDISI: Karibu 300, wakibanana.

DEREVA: Basi kila nusu saa watu 300, saa nzima 600. Hao ni Coaster 15 zikisimamisha watu kidogo. Reli nzima, nyaya, vituo na deni la dola, kwa kazi ya Coaster 15?

MHANDISI: Kwa treni 4, ndiyo. Kwa treni 20 ni watu 3,000 kwa saa kila upande, na hilo ni jambo jingine.

MHASIBU: Si jingine sana, mwanangu. Bogotá, Colombia, walianza mabasi yao ya njia maalumu Desemba 2000. Kwenye barabara yao yenye watu wengi zaidi, mabasi yale yanapitisha watu zaidi ya 40,000 kwa saa upande mmoja. Ukitaka treni zako za watu 300 zifikishe hata 15,000, lazima ipite treni kila baada ya sekunde 72. Reli inayokatiza makutano ya magari barabarani haiwezi hivyo.

MHANDISI: Mzee wangu, Bogotá wana njia mbili kila upande ili basi lipite basi jingine vituoni, na mabasi yao ni utitiri. Treni nazo zinaunganishwa mbili mbili, hata tatu, chini ya dereva mmoja, mradi jukwaa la kituo lijengwe refu tangu mwanzo. Halafu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linahitaji nguvu ndogo kuliko tairi juu ya lami. Gari la reli likitunzwa linafanya kazi miaka 30. Basi la mjini likifika miaka 12 au 15 limeshachakaa.

MHASIBU: "Likitunzwa." Neno lako mwenyewe.

MAMA: Naomba na mimi niseme, maana mnahesabu sekunde na mimi bado sijapanda. Naamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja lazima niwe Feri samaki wakishushwa, nikichelewa wazuri wamekwisha. Hiyo treni yenu inaanza saa ngapi?

MHANDISI: Mama, reli lazima ipate saa za usiku za kukaguliwa. Watu wanatembea juu ya njia na taa, wanaangalia kokoto, viungio na nyufa, na umeme wa juu unazimwa ili nyaya zishikwe. Kwa kawaida treni ya kwanza huanza karibu na saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri.

MAMA: Kwa hiyo kwenda si yangu. Na kurudi, nina ndoo mbili na kapu. Nitaingia nazo?

MHANDISI: Sakafu yake iko chini, usawa wa jukwaa. Ndoo unaiburuta tu, hupandi ngazi.

MAMA: Sikuuliza ngazi, mwanangu. Nimeuliza kama nitaruhusiwa.

Swali la mama lina uzito sawa na la mzee juu ya dola. Mji wetu unakula kwa sababu ya watu wanaosafiri na mizigo mikononi: samaki, mboga, mitumba, vitenge, unga. Ukijenga usafiri wa umma ukamfungia mlango mwenye ndoo, umejengea abiria mwingine, na mwenye ndoo atabaki kwa bodaboda kwa bei kubwa zaidi. Kanuni ya mizigo huandikwa na anayeendesha, wala haigharimu chochote kuiandika mapema: behewa la nyuma, saa fulani, mzigo wa ukubwa fulani. Ningependa kuiona kwenye karatasi kabla ya kuona picha ya treni.

MAMA: Kuna la pili. Mtoto wa dada yangu alisoma Addis. Anasema ile reli imezungushiwa ukuta na vyuma katikati ya barabara, mtu wa upande huu akitaka duka la upande ule anatembea mpaka kwenye kivuko, na vivuko viko mbalimbali. Wazee wanaruka. Kilwa Road nayo ikikatwa hivyo, sisi tunaouza upande mmoja wateja wakiwa upande wa pili tutaishi vipi?

MHANDISI: Ni kweli, na ni kosa la usanifu. Walichukua reli ya mtaani wakaifungia kama reli ya masafa marefu. Treni ya mjini inaweza kupita katikati ya watu kwa mwendo mdogo, na watu wakavuka mbele yake kama wanavyovuka mbele ya basi. Casablanca wanafanya hivyo tangu Desemba 2012. Ukitaka mwendo mkubwa unajenga uzio. Ukitaka mtaa ubaki mtaa unakubali mwendo mdogo. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa pesa ileile.

DEREVA: Na umeme? Nyumbani kwetu ukikatika tunawasha kibatari. Treni ikizimika katikati ya daraja?

MHANDISI: SGR yetu inatembea kwa umeme wa gridi ya taifa, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mapema 2024. Umeme wa kutosha upo. Hatari iko kwenye usambazaji, kwa hiyo reli inajengewa vituo vyake vya kupoozea umeme, kila kilomita moja na nusu au mbili, vikilishwa kutoka pande mbili ili kimoja kikifa jirani yake ashike. Addis walivijenga vya kwao pia. Hapa siwapingi wala siwaungi mkono. Ni jambo linalotatulika.

DEREVA: Basi niambieni letu sisi. Mwendokasi ulipoanza Morogoro Road, daladala za njia ile ziliondolewa. Tuliambiwa tutapangiwa kwingine. Mnajenga reli, mnatuondoa, treni zinabaki nne, halafu abiria anasimama kituoni na sisi tumeshauza magari. Nani anambeba?

MHASIBU: Hapo kijana ana haki kuliko sisi wote.

MHANDISI: Ana haki. Daladala zisitolewe kwenye njia mpaka reli iwe imeshika ratiba yake mwaka mzima. Na baada ya hapo ziletwe pembeni, ziwalete watu vituoni kutoka ndani ya mitaa, kwa tiketi moja. Reli bila magari ya kuilisha watu inawapata wale tu wanaoishi karibu na kituo.

Nimemsikiliza mhandisi akirudi nyuma hatua baada ya hatua, na bado hoja yake kuu imesimama. Jiji la watu milioni tano na zaidi, linaloongezeka kila mwaka, haliwezi kubebwa na Coaster milele. Hewa tunayovuta Ubungo jioni inatosha kuwa ushahidi. Anao pia mfano mzuri kuliko Addis.

MHANDISI: Tazameni Mauritius. Kisiwa kile kilikuwa na reli ya zamani, kikaifunga kabisa mwaka 1964. Walipotaka reli nyepesi, sehemu kubwa ya njia waliipitisha juu ya ushoroba uleule wa zamani, kwa hiyo nyumba za kuvunjwa na fidia za kulipwa zilipungua. Treni za kutoka Port Louis hadi Rose Hill zikaanza Januari 2020, na Oktoba 2022 zikafika Curepipe, kilomita 26 hivi kwa jumla. Mkandarasi alitoka India, sehemu ya fedha ikiwa msaada wa India. Lakini treni, 18, walizinunua Hispania, kwa kampuni ya CAF, ambayo magari yake ya aina hiyo yanatembea Zaragoza, Birmingham, Sydney na miji mingine mingi.

MHASIBU: Na hiyo inatusaidia nini?

MHANDISI: Inatusaidia hivi: ukinunua gari linalotumika miji mingi, spea yake ina soko. Mwaka 2021 nyufa zilionekana kwenye magari ya kampuni hiyo Birmingham na Sydney, na huduma ikasimamishwa. Lilikuwa jambo zito. Lakini kwa kuwa miji ilikuwa mingi, mtengenezaji hakuweza kunyamaza. Walikagua, wakatengeneza, magari yakarudi njiani. Mji mdogo wenye treni za aina yake peke yake unapiga simu isiyopokelewa.

DEREVA: Ndiyo maana sote tunanunua Coaster.

MHANDISI: Ndiyo maana hasa, mdogo wangu.

MHASIBU: Haya, nakubali nusu ya safari. Lakini nataka mjibu kuhusu nyumbani, si Mauritius. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilipangiwa mabasi 305. Yalianza 140. Karakana yake iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, na mvua za 2018 zikaingia mpaka kwenye mabasi. Njia ya Mbagala ilikamilika, zege likakauka, vituo vikasimama, na watu wa Mbagala wakaitazama njia tupu kwa muda mrefu kwa kukosa mabasi. Huo ni mfumo wa mabasi, kitu ambacho dereva na fundi wetu wanakijua. Mnataka tupewe treni?

MAMA: Mimi ni wa Mbagala. Anachosema mzee nimekiona kwa macho yangu kila asubuhi.

MHANDISI: Sina cha kukanusha. Naweza kusema tu kwamba sababu ya yote matatu ni moja. Tulipanga ujenzi tukaacha uendeshaji uje kujipanga wenyewe.

Hapo ndipo mimi ninaposimama, na ninasema bila kuzungukazunguka. Dar es Salaam inahitaji reli ya umeme ndani ya jiji. Lakini mkataba wa ujenzi haustahili kutiwa saini kabla ya mkataba wa kuiendesha kujulikana: nani anaendesha, analipwa kwa nini, spea za miaka kumi zinatoka wapi na kwa fedha gani. Nauli peke yake haitatosha. Miji mingi duniani, hata ya nchi tajiri, huongeza ruzuku juu ya nauli, na aibu haipo hapo. Aibu ni kuificha ruzuku siku ya uzinduzi ili mradi uonekane unajilipa, kisha kuitafuta treni zikishaegeshwa. Bunge linaweza kuweka sheria kwamba sehemu ya tozo ya mafuta inayokusanywa jijini iingie mfuko wa matengenezo ya reli, usioguswa kwa kazi nyingine, na ukaguzi wake usomwe hadharani kila mwaka pamoja na idadi ya treni zilizotembea na zilizolala karakanani.

Kabla ya hayo yote kuna mtihani tunaoweza kuufanya kwa reli tuliyo nayo. Njia ya Stesheni hadi Pugu ipo, na ya TAZARA ipo. Watu wanazipanda tayari, ingawa kwa safari chache za asubuhi na jioni. Ziongezewe mabehewa, zishike ratiba kutwa, ziwe na tiketi moja na mwendokasi, ziwe na behewa la mama mwenye ndoo. Ushoroba huo hauhitaji kuvunja nyumba nyingi, na mafundi watakaozitunza ndio watakaokuwa wazoefu siku ya kuwekea nyaya za umeme. Mhandisi hatapenda kusubiri. Anaogopa kwamba kila mwaka tunaochelewa ardhi inapanda bei na ushoroba unavamiwa. Hofu yake ni ya haki. Kwa hiyo ushoroba upimwe na uwekewe mipaka sasa, hata kama reli itakuja baada ya miaka mitano.

MHASIBU: Na kama miaka hiyo mitano treni ya Pugu ikishindwa kushika ratiba?

Basi tutakuwa tumejua kabla ya kukopa.

DEREVA: Mimi nakubali kwa sharti moja. Kwenye hiyo bodi ya kuendesha awepo mtu wetu, aliyewahi kushika usukani kwenye foleni ya makutano ya Tazara saa moja asubuhi.

MAMA: Na mmoja anayebeba ndoo.

Kwa madiwani na wabunge wa Dar es Salaam watakaoletewa mradi huu, na utaletwa: mkionyeshwa picha za treni na ramani ya vituo, ombeni kwanza ukurasa wa spea, wa mafundi na wa ruzuku. Ukurasa huo ukiwa haupo, urudisheni mradi mzima kwa waliouleta.